Filimbi ya kuitia msaada porini: nimejaribu nne Uluguru, nimebaki na Fox 40

Nimekaa na hii filimbi mwaka mzima na ushee sasa, naongelea Fox 40 Classic, ile ya plastiki isiyo na kigololi ndani, wengi mnaiona kila wikiendi mdomoni mwa marefa bila kujua jina lake. Mi sikuinunua kwa ajili ya mpira. Niliinunua baada ya kumtafuta shemeji yangu kwenye msitu wa milima ya Uluguru, Morogoro, karibu masaa mawili, na muda wote huo alikua na filimbi shingoni, nyingine tofauti, na haikutoa sauti. Kwahiyo rivyu hii ni ndefu. Mwenye haraka achukue hili aondoke nalo: nunua isiyo na kigololi, ifunge kwenye mkanda wa begi sio ndani ya begi, na mkubaliane mlio kabla hamjaanza kupanda. Anayetaka kujua kwanini nasema hivyo akae tuongee.

Tulikua watu tisa na muongozaji mmoja, kijana wa huko huko juu, tunapanda Lupanga. Kwa wasioijua, Lupanga ni kile kilele unachokiona ukiwa Morogoro mjini ukiinua tu macho, mita 2,138, na mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi, kwahiyo ni mlima wa siku moja ila siku yenyewe inakua ndefu. Ukiwa chini unaona kama ni kilima cha kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Ukishaingia msituni ndo unaelewa, miti mirefu, mizizi inateleza, na ukungu unashuka ndani ya dakika kumi mpaka mwenzako aliye hatua thelathini mbele humuoni tena. Na mvua za vuli ndo zilikua zimeanza.

Shemeji alikua wa mwisho. Akachepuka pembeni kujisaidia, hakumwambia mtu, na hatukua tumeweka mtu wa kufunga msafara, hilo ni kosa letu sote. Alivyotoka akakamata njia aliyoiona mbele yake, kumbe ni kijinjia cha watu wa kuni, kinashuka bondeni kwenye kijito. Sisi tumekuja kugundua tukiwa tumekaa kupumzika, tunagawana karanga, mtu anauliza "jamani shem yuko wapi", kila mtu anamwangalia mwenzake.

Simu yake haipatikani. Tukaanza kuita, wote kwa pamoja, jina lake na "shem" na "oyaa" na kila kitu, na kama robo saa hivi sauti zilishakauka, dada mmoja alikua hata kuongea hawezi. Muongozaji ndo akatusimamisha. Akasema, "Nyamazeni kwanza. Akijibu mtamsikia saa ngapi?" Tukanyamaza. Kwa mara ya kwanza nikausikia msitu wenyewe, maji ya kijito chini huko yanavuma, matone yanadondoka kwenye majani, ndege. Afu kwa mbali sana kitu kama tong, tong, tong. Mi nikajua ni kale kandege kanakogonga kama fundi wa mabati, mnakajua, kanaweza kugonga nusu saa bila kuchoka. Muongozaji akanyoosha mkono akasema hapana, ndege hapumziki hivyo, huyo anahesabu. Tukasikiliza tena. Tatu, kimya. Tatu, kimya.

Tulimkuta amekaa juu ya jiwe pembeni ya kijito, kifundo cha mguu kimevimba, amelowa chapachapa, anagonga chupa yake ya maji ya chuma kwa jiwe. Nikamuuliza, "Shem, mbona hukupiga filimbi?" Akaivua shingoni akanipa. "Nimepiga shem, tangu nimefika hapa napiga. Haitoki kitu, upepo tu." Nikaipuliza mwenyewe. Kweli, fyuuu, upepo mtupu.

Hiyo filimbi tulinunua mimi na yeye siku moja, sitataja wapi wala nani kaitengeneza, ilikua ya plastiki, ina kigololi ndani, elfu mbili. Nyumbani niliipasua kwa kisu. Kigololi kilikua kimeloa, kimebanana kwenye kona na uchafu na mate, hakizunguki, na kisipozunguka pale kinapokaa kinaziba njia ya hewa. Basi. Yaani kitu unachokibeba kwa ajili ya siku ambayo umeloa, umechoka na unatetemeka, kinagoma kwasababu kimeloa. Kwakweli iliniuma kuliko nilivyotegemea, maana shemeji angekua na mguu uliovunjika au angepoteza fahamu jioni ile baridi ilivyoshuka, sijui tungekua tunaongea habari gani leo.

Basi nikaanza kutafuta, na nimejaribu filimbi nne. Ya kwanza ni nyingine ya elfu mbili kama ile ile, nilinunua tena makusudi nione kama ile ya shemeji ilikua bahati mbaya. Ya pili ya chuma, ina kigololi cha kizibo, ile ya kizamani ya mwalimu wa zamu. Ya tatu ni ile inayokuja imejengwa kwenye klipu ya kufungia mkanda wa kifuani wa mabegi ya safari, watu wengi wanayo na hawajui kama ni filimbi, hebu nenda kaangalie begi lako sasa hivi. Ya nne ndo Fox 40, niliipata duka la vifaa vya michezo Kariakoo kwa elfu ishirini.

Majaribio nilifanya na mdogo wangu, kwanza jioni kule bwawa la Mindu ambapo ni wazi, afu wiki iliyofuata ndani ya msitu juu ya Morningside. Mmoja anapuliza, mwingine anatembea kwenda mbali huku tunaongea kwenye simu mpaka aseme sasa sisikii. Kule Mindu zote nne zilisikika vizuri, hata ile ya elfu mbili ikiwa kavu, na Fox 40 mdogo wangu alikua anaisikia mpaka nilichoka mimi kumsubiri aendelee kutembea, tulikadiria imekaribia kilometa. Msituni ndo mambo yalibadilika. Majani yanameza sauti, mabonde yanaikata, na ile ya begi baada ya kama mita mia na hamsini ilipotea kabisa. Ya chuma ilienda vizuri kwakweli, siwezi kuinyima haki yake. Fox 40 tuliipoteza kwenye kama mita mia nne, na hapo katikati kulikua na mgongo wa mlima.

Sasa jaribio lenyewe hasa, la maji. Nilizitumbukiza zote kwenye ndoo, nikaziacha dakika kumi, nikatoa moja moja na kupuliza bila kukung'uta. Ya elfu mbili ikafa, safari hii ilitoa mlio mmoja wa kukwaruza afu kimya. Ya chuma ilitoa mlio dhaifu, na kesho yake kizibo kilikua kimevimba kwa maji hakizunguki vizuri, ikachukua siku mbili juani kurudi. Ya begi ilitema maji ikalia, kasauti kale kale kembamba. Fox 40 pumzi ya kwanza ilitema maji, na kwenye pumzi hiyo hiyo ikalia kama vile haijaguswa. Nikarudia na matope ya mtoni. Nikaisuuza mara moja tu, ikalia.

Hapa kuna hadithi ambayo naipenda na inaeleza kila kitu. Aliyeileta hii filimbi anaitwa Ron Foxcroft, Mkanada, alikua refa wa mpira wa kikapu. Mwaka 1984 kwenye mashindano ya kuelekea Olimpiki kule Brazil aliona faulo, akapuliza, kigololi kikanasa, haikulia. Uwanja umejaa watu, wote wameona, refa kasimama na filimbi bubu mdomoni. Akarudi kwao kutafuta filimbi ambayo haina kitu cha kunasa, akamchukua mbunifu Chuck Shepherd wakahangaika nayo, na ikaonekana mara ya kwanza kwenye michezo ya nchi za Amerika huko Indianapolis mwaka 1987. Jina ni la kwake mwenyewe na umri wake, alikua na miaka 40. Badala ya kigololi wameweka vyumba vitatu vya hewa ndani, kila kimoja kinatoa mlio wa juu tofauti kidogo na mwenzake, na milio hiyo ikigongana ndo unapata ule mtetemo mkali ambao zamani ulikua unaletwa na kigololi. Hakuna kinachozunguka, kwahiyo hakuna kinachoweza kunasa. Ikiwa ndani ya maji, ndani ya mchanga, kwenye baridi, ni plastiki na hewa tu.

Nisiwasemee vibaya wale wa kigololi, wana heshima yao. Joseph Hudson wa Birmingham, Uingereza, ndo aliwapa polisi wa London filimbi mwaka 1883, na mwaka uliofuata akatoa ACME Thunderer ya kigololi, na dunia nzima imepulizwa kwa filimbi hizo, stesheni za treni, viwanja vya mpira, shuleni. Ila uwanjani ikinasa unabadilisha. Bondeni ukiwa peke yako hubadilishi. Na kama unaelekea Kilimanjaro, usiku ule wa kwenda kileleni ambapo baridi inashuka chini ya sifuri, filimbi ya chuma inanata kwenye midomo na unyevu wa pumzi yako unagandisha kigololi, kwahiyo huko ndo kabisa usiibebe.

Kuna mtu ataniuliza, si upige kelele tu, sauti ni bure. Nimeshawaambia sisi tulikua wengi na robo saa tu ilitumaliza. Mtu mmoja aliyeloa na ana baridi anamalizika haraka zaidi. Filimbi haitaki koo, inataka pumzi, hata mtu aliyeumia mbavu anaweza kupuliza kidogo kidogo, hata mtoto. Na watengenezaji wa Fox 40 wanaandika desibeli 115, hiyo ni kelele kubwa sana kwa kitu kinachokaa kiganjani. Lakini ukubwa wa sauti sio kila kitu, jambo lingine ni wembamba wake. Sikio la binadamu linasikia vizuri zaidi sauti za kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 5,000, na filimbi hizi zinalia hapo hapo. Sauti ya mtu anayeita inachanganyika na upepo na mto na vyura, filimbi inatoboa katikati. Mahali pa wazi kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti inapungua kama desibeli 6, msituni inapungua zaidi, kwahiyo ukianza na sauti ndogo hufiki mbali. Ndo maana ile ya begi mi naihesabu ni ya akiba tu. Kingine kinachonikera kwenye ya begi ni kwamba lazima uinamishe kidevu mpaka kifuani kuifikia au uivute juu na mkanda wake, sasa mtu ameumia bega afanyeje. Ila bora nayo kuliko huna kabisa.

Tahadhari moja, na nimaanishe kabisa, usiipulize Fox 40 karibu na sikio la mtu, na watoto ndo kabisa. Mdogo wangu alikaa hatua mbili kutoka kwangu nikapuliza bila kumwambia, masikio yalimlia mpaka usiku. Siku hizi nikipuliza mazoezini kila mtu anaziba masikio kwanza.

Sasa tuje kwenye mlio, maana filimbi nzuri bila mpangilio ni kelele tu, na hapa nakumbuka yule muongozaji, "huyo anahesabu". Alama ya hatari ya milimani ni milio sita ndani ya dakika moja, yaani kila sekunde kumi mlio mmoja, afu unakaa kimya dakika nzima, afu unarudia. Anayekusikia anakujibu milio mitatu kwa dakika. Hii ni ya siku nyingi, ilipendekezwa na Clinton Dent wa Alpine Club ya London mwaka 1894 kwa ajili ya wapandaji wa milima ya Alps, na mpaka leo inatumika kote huko Ulaya. Marekani wao wengi wanafundishwa milio mitatu kama alama ya kuomba msaada, mitatu, pumzika, mitatu. Unaona tatizo? Mitatu kwa mmoja ni "nisaidie", kwa mwingine ni "nimekusikia nakuja". Kwahiyo usibishane na mtu ipi ni sahihi, kaeni chini kabla ya kupanda mkubaliane. Sisi kwenye kundi letu tumechukua sita kwa kuomba na tatu kwa kujibu, na tumeongeza mmoja mrefu maana yake "simameni wote mlipo". Huo mmoja mrefu ndo tunaoutumia zaidi, na nadhani umetuokoa na mengi, maana mtu akiona tu njia imemchanganya anapuliza, tunasimama wote, hajafika mbali.

Na ile dakika ya kimya watu wanaiona kama ni kupoteza muda. Hapana jamani, hiyo dakika ndo ya kusikiliza jibu. Kama sisi tungekua tunakaa kimya tangu mwanzo, ile chupa tungeisikia mapema sana, alikua anagonga sisi tunapiga kelele juu yake. Kwahiyo wanaotafuta na wao wanatakiwa kua na nidhamu, piga mlio, nyamaza, sikiliza. Afu mabondeni sauti inagonga ukuta wa mlima na kurudi, unaweza kuapa inatoka kushoto kumbe mtu yuko kulia. Sikiliza sehemu moja, tembea kidogo, sikiliza tena, ndo uamue. Na wewe uliyepotea, ukishaanza kupuliza kaa pale pale. Mtu anayepuliza huku anatembea anawazungusha wanaomtafuta kama watoto wanacheza kombolela. Kama unaweza kusogea salama basi sogea utoke kwenye kelele za maji, panda kidogo penye uwazi, halafu tulia hapo.

Kuna jambo la kwetu ambalo maelezo ya kwenye boksi hayawezi kukwambia. Kwanza, usiku. Wengi tumelelewa tukiambiwa ukipiga mluzi usiku unaita nyoka, na mmoja wetu mtu mzima kabisa tulipokua tunafanya mazoezi jioni aligoma kupuliza jua lilivyozama. Sikumcheka. Nilimwambia ukiwa huwezi kupuliza, beba chupa ya chuma kama shemeji, gonga, na akakubali, na siku hizi anayo. Muhimu ni kujua mapema nani atapuliza na nani hatapuliza, sio kuja kugundua giza limeshaingia. Pili, filimbi usiku vijijini ina maana yake tayari, ni sungusungu, ni walinzi, ni mwizi kaingia. Wahenga walisema likilia la mgambo kuna jambo, na watu wa vijiji vya chini ya Uluguru wakisikia filimbi usiku wanatoka na fimbo. Hii inaweza kukusaidia, maana wanatoka, na inaweza kukuletea matatizo. Sisi tukitaka kufanya mazoezi tunapita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji tunamwambia leo mtasikia filimbi juu huko, ni sisi. Na mzee mmoja pale alituambia kitu cha maana, kwamba mkipata shida kweli pigeni kwa kuhesabu, sisi tutajua sio mwizi maana mwizi akikimbizwa filimbi inalia hovyo hovyo.

Na kwenye hifadhi zenye wanyama wakubwa, mfano Mlima Meru ambako unapanda na askari mwenye bunduki kwasababu ya nyati na tembo, filimbi usiichezee, muulize askari kwanza, mwambie unayo na mkubaliane itumike lini.

Kuhusu kuibeba. Fox 40 inakuja na tundu la kupitisha kamba. Wengi wanavaa shingoni, mi sishauri msituni, kamba ikinasa kwenye tawi wakati unateleza inakukaba. Nimeifunga kwa kamba fupi kwenye mkanda wa begi wa begani, upande wa kushoto, urefu wa kufika mdomoni bila kuinama. Nimejaribu kuifikia kwa mkono wa kulia na kwa wa kushoto, nimejaribu nikiwa nimelala chali, nimejaribu mkono mmoja ukiwa nyuma. Inafika. Ila begi ukilivua filimbi imeenda na begi, na shemeji siku ile alipochepuka alikua ameliacha begi lake njiani na mwenzetu akalibeba akidhani ni la mtu wa mbele, kwahiyo sasa hivi nina ya pili ndogo mfukoni mwa suruali, mfuko wa zipu. Ile kamba niliyonunua kando mwanzoni ilikatika mwezi wa pili tu, nikabadilisha na kamba ya viatu, haijakatika mpaka leo.

Umbo lake ni nene kidogo kuliko zile bapa, mfukoni unaisikia. Rangi ziko nyingi, mi ya kwanza nilichukua nyeusi na nikaidondosha kwenye majani makavu tukatafuta watu watatu. Chukua ya chungwa au ya njano. Halafu madukani kuna zinazofanana nayo umbo lote ila mshono wa plastiki umekaa vibaya na maandishi yamefifia, ukikutana nazo omba upulize kabla ya kulipa, muuzaji akikataa kwasababu ya usafi basi mwombe aipulize yeye. Ile halisi pumzi ndogo tu inaamka, zile nyingine unapuliza mpaka kichwa kinauma.

Bei najua watu watalalamika, elfu ishirini kwa kipande cha plastiki. Lakini hebu angalia watu wanaopanda Lupanga na viatu vya laki na nusu, na jaketi, na simu ya milioni ambayo ukishaingia bondeni haina mtandao. Namba ya zimamoto na uokoaji ni 114, nayo inataka mtandao. Filimbi haitaki chaji.

Na sio milimani tu. Charles Lightoller, ofisa wa meli ya Titanic iliyozama mwaka 1912, alikaa usiku mzima na wenzake juu ya boti iliyopinduka katikati ya barafu, na kulipokucha alipuliza filimbi yake ya kiofisa, boti nyingine zikasikia zikaja kuwachukua. Mpaka leo sheria za kimataifa za vifaa vya uokoaji melini zinataka kila jaketi la kuokolea liwe na filimbi iliyofungwa kwa kamba. Kwahiyo ukipanda boti ya kwenda Unguja au kivuko cha ziwani, jaketi lako liangalie begani, vuta ile kamba, uone kama kuna filimbi mwishoni. Mi nimeanza kuangalia kila safari, na siku moja niliikuta kamba imekatwa haina kitu, nikabadilishiwa jaketi pale pale bila ugomvi.

Tangu siku ile tumepanda Lupanga mara nne, na Kimhandu mara moja, ambayo ndo ndefu kuliko zote Uluguru, mita 2,630. Ile alama ya sita hatujawahi kuihitaji. Mlio mrefu mmoja tumeutumia mara nyingi, mara ya mwisho ilikua mwezi uliopita, ukungu ulishuka tukiwa njiani kurudi, mtu wa nyuma kabisa akapuliza, wote tukasimama, tukamsubiri kama dakika saba hivi akatokea kwenye ukungu. Alikua shemeji. Siku hizi yeye ndo anafunga msafara, kajichagua mwenyewe, na Fox 40 yake ni ya chungwa.

Nampa nyota tano muuzaji wa Kariakoo pia, alinitolea tatu nikazipuliza zote mlangoni kwake nikachagua, na watu wakasimama barabarani wakidhani ni trafiki.